Lango la Kiini na Homa ya Bibi

USHAURI

Mzee,

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari huku upande wa Chiungutwa, wilaya ya Masasi. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafundisha seli. Nilichora kiini, nikachora utando wake wa tabaka mbili, nikatia nukta kuonyesha vitundu. Nikasema vitundu hivi ni kama chekeche: vidogo vinapita, vikubwa vinabaki.

Binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma akasimama. Akasema, "Mwalimu, ulituambia protini zote hutengenezwa nje ya kiini. Sasa zile kubwa zinazofanya kazi ndani zimeingiaje kwenye chekeche? Na mbona RNA ni ndefu lakini inatoka, na DNA haitoki?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia akae, hayo hayamo kwenye mtihani. Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo hajanyoosha mkono.

Jambo la pili ni bibi yangu, aliyenilea. Kila magoti yakimwuma hukumbuka homa iliyopita Newala akiwa na miaka kama tisa hivi, watu wakatembea wamepinda kama wanaotafuta kitu chini. Mganga wa zahanati yetu aliniambia homa hiyo ndiyo chikungunya, na kwamba kirusi chake huingilia kiini cha seli. Nilitamani kuyaunganisha haya mawili darasani nikashindwa.

Mzee, je, magoti ya leo ni ya homa ile? Kirusi kinatafuta nini ndani ya kiini? Na nirudije mbele ya wale wanafunzi nisipoteze heshima niliyobakiwa nayo?

Mwalimu, Chiungutwa


Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama pale binti alipoketi. Kwa hiyo nianze na yeye. Kiini na magoti ya bibi vitasubiri kidogo. Kipindi chako kijacho, kabla hujashika chaki, mwite kwa jina lake mbele ya wenzake wale wale waliocheka. Mwambie: swali lako lilikuwa zuri, mimi sikulijua jibu, na nilikosea kukukalisha. Uishie hapo. Usieleze kwamba ulichoka, wala kwamba muhtasari ni mrefu. Mtoto anayesikia kosa likikiriwa huku limefunikwa na utetezi huondoka na utetezi tu. Najua huku kwetu mwalimu akisema "sijui" huona kama amevuliwa nguo hadharani. Lakini wanafunzi wako walishajua kwamba hukujua. Walijua dakika ile ile. Wanachosubiri kuona ni kama utarudi.

Na ukirudi, rudi na jibu, maana swali lenyewe ni kubwa kuliko ulivyolipima siku ile. Kuna watu wametumia maisha yao yote ya kazi kulitafutia jibu, na baadhi ya vipande vyake bado vinabishaniwa hadi leo.

Chekeche nalijua. Mimi mwenyewe nililifundisha miaka kumi na moja. Nadhani kosa letu linaanzia kwenye lugha. Kitabu cha Kiingereza kinaliita tundu la kiini kwa neno lile lile la vinyweleo vya ngozi, nasi tukilisoma tunaona jasho: kitobo kimekaa wazi, kinachotosha kinapita. Kuna ukweli humo, usiutupe wote. Chumvi, sukari na molekuli nyingine ndogo hupita bila kumwomba mtu. Hata protini ndogo, zenye uzito usiozidi takriban daltoni 40,000, hujipenyeza taratibu. Juu ya kipimo hicho njia inafungwa. Binti wako aliona kwamba mambo makubwa ya kiini yote yako juu ya kipimo hicho, na bado yanaingia na kutoka mchana kutwa.

Sasa tulitazame lango lenyewe. Seli moja ya binadamu huwa na malango kama 2,000 hadi 3,000 kwenye utando wa kiini chake, ingawa idadi hubadilika kwa aina ya seli na kazi inayofanya. Kila lango limejengwa kwa aina zipatazo 30 za protini zinazoitwa nyukleoporini, kila aina ikirudiwa mara nyingi, hadi lango zima linafikia vipande karibu 1,000. Vipande hivyo vimepangwa kwa duara la pande nane. Upana wake ni nanomita kama 120. Ukipanga malango kama hayo mstari mmoja ndani ya milimita moja ya rula ya mwanafunzi, yataenea zaidi ya 8,000. Mwaka 1950 H. G. Callan na S. G. Tomlin waliyaona kwa hadubini ya elektroni kwenye viini vya mayai ya amfibia. Kuyaona ilikuwa hatua moja. Kujua yanavyochagua kulichukua miongo.

Katikati ya lango hakuna uwazi kama unavyouchora ubaoni. Kumejaa nyuzi za protini zisizo na umbo maalumu, zinazoning'inia na kusukasukana. Mimi huwaambia watu wafikirie ute wa mlenda uliokolea. Chembe ya chumvi itapita ndani ya mlenda. Punje ya choroko itakwama, isipokuwa punje hiyo iwe imepakwa kitu kinachopatana na ule ute, hapo ute unaiachia njia na kujifunga nyuma yake. Kama nyuzi hizo zinafanya kazi kama ute hasa, au kama brashi inayopepea, ndipo wanasayansi wanapobishana. Wanapokubaliana ni kwamba wapo wabebaji wanaojua kupatana nazo, na mzigo usio na mbebaji hubaki nje.

Mzigo unampataje mbebaji? Hapa nitakupa hadithi moja ya maabara, uisimulie darasani kama ilivyo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya mimi mwenyewe niache chekeche. Huko Cambridge, Ron Laskey na wenzake walikuwa wakichunguza mayai ya chura mwenye kucha, yule wa kusini mwa Afrika. Ndani ya viini vya mayai hayo mna protini nyingi iitwayo nyukleoplasmini. Ina sehemu mbili, kichwa na mikia. Mwaka 1982 walichapisha walichokifanya: waliikata, wakatenga vichwa na mikia, wakadunga kila kimoja kwenye saitoplazimu ya yai. Mikia ikaingia kwenye kiini. Vichwa vikabaki nje. Wakadunga vichwa ndani ya kiini moja kwa moja, vikakaa humo bila shida. Kwa hiyo kichwa hakikuwa kinafukuzwa, kilikosa tu cha kukiingiza. Miaka miwili baadaye Carl Feldherr na wenzake wakachukua punje ndogo sana za dhahabu, wakazipaka nyukleoplasmini, wakazidunga kwenye yai. Dhahabu ikaonekana kwa hadubini ikipita katikati ya malango. Dhahabu, Mwalimu! Kitu kisicho na uhai kabisa, kigumu, kikubwa kuliko protini nyingi, kiliingia kwenye kiini kwa sababu kilivaa nguo sahihi.

Nguo hiyo ni kipande kifupi cha mfuatano wa amino asidi. Kile kilichochunguzwa kwanza kwa undani, cha kirusi kimoja cha nyani kiitwacho SV40, kina amino asidi saba tu, nyingi zikiwa na chaji chanya. Unaweza kukiita kibali cha kuingia. Kipo pia kibali cha kutoka, na protini nyingine hubeba vyote viwili. Mbebaji anayesoma kibali cha kuingia huitwa importini, anayesoma cha kutoka ni eksportini. Lenyewe lango halisomi kitu. Linampisha mbebaji na alichokishika, na lango moja linaweza kupisha safari kama 1,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi, bila foleni.

Hapa mwanafunzi mwerevu atakuuliza swali la pili, na nakuomba ujiandae nalo. Kama mbebaji anaweza kupita kwenda na kurudi, ni nini kinachomwambia ashushe mzigo ndani na si nje?

Wewe una asili ya Newala, nami nitakupa mfano wa huko. Kabla ya mabomba kufika, wanawake wa uwandani Newala waliondoka alfajiri na mitungi mitupu, wakashuka mteremko hadi mabondeni, wakapanda na mitungi iliyojaa. Njia moja, watu wale wale. Ukimkuta mama katikati ya mteremko humjui anakokwenda kwa kutazama nyayo, unatazama mtungi. Na mtungi hujaa chini ukamwagwa juu kwa sababu maji yako chini na kiu iko juu. Seli nayo imejitengenezea tofauti kama hiyo kati ya ndani na nje, kwa protini ndogo iitwayo Ran. Ran hushika ama GTP, iliyo na nguvu, ama GDP, iliyotumika. Ndani ya kiini ipo protini nyingine, RCC1, imekaa juu ya DNA yenyewe, kazi yake ni kuipa Ran GTP mpya. Nje, kwenye saitoplazimu, ipo RanGAP, inayoichochea Ran iivunje GTP yake. Matokeo yake Ran yenye GTP imejaa ndani na ni adimu nje.

Yaliyobaki yanajiendesha. Importini inaingia na mzigo, inakutana na Ran yenye GTP, inashikwa nayo, na kule kushikwa kunaifanya iachie mzigo. Inarudi nje ikiwa na Ran mgongoni. Nje GTP inavunjwa, Ran inaanguka, importini iko huru kubeba tena. Eksportini iko kinyume: haiwezi kuushika mzigo wake mpaka Ran yenye GTP iwe pamoja nao, kwa hiyo hupakia ndani tu, na GTP ikivunjwa nje mzigo unashuka. Ninachokipenda zaidi hapo ni RCC1. Seli haina macho wala ramani. Inajua "ndani" ni wapi kwa sababu DNA iko huko, na mwenye kuwasha Ran ameketi juu ya DNA.

RNA ya ujumbe ina wabebaji wake wengine, ambao kwa sehemu kubwa hawaitegemei Ran moja kwa moja. Kwao kinachofanya safari iwe ya upande mmoja ni kimeng'enya kilichokaa upande wa nje wa lango, kinachowavua wabebaji kutoka kwenye RNA inapochomoza, isiweze kurudi. Na hawaishiki RNA yoyote tu. Ikitoka kuandikwa ni ndefu na ina vipande visivyotakiwa. Lazima ikatwe, iungwe, ivishwe kofia mbele na mkia nyuma. Wabebaji hupandishwa juu yake kazi hiyo inapofanyika. Kwa hiyo mwambie binti wako: urefu wa RNA hauizuii, kwa sababu inavutwa mwisho wake mmoja ukitangulia, na kuna walioikagua. DNA haina wa kuibeba. Imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, mita karibu mbili za uzi ndani ya kiini kimoja, imeshikizwa hadi kwenye kuta. Histoni zenyewe zilitengenezwa nje, zikaingia kwa importini: seli inaporudufu DNA yake, kila lango hupitisha histoni 100 hivi kwa dakika. Na ribosomu zinazotengeneza protini nje? Vipande vyake vya protini huingia kwanza kwenye kiini, hufungwa pamoja na RNA humo, kisha hutoka tena. Bidhaa inaingia ili ikapate kutoka. Mpe muda alifikirie hilo.

Sasa twende kwa bibi.

Homa anayoikumbuka ilianza uwandani kwenu mwaka 1952 ikaendelea hadi 1953. Madaktari walidhani ni denge kwa sababu ilifanana nayo: homa ya ghafla, vipele, na maumivu ya viungo yaliyomfanya mtu mzima ashindwe kunyooka. Wenyeji waliipa jina kwa Kimakonde, kutokana na kungunyala, kujikunja, kupinda. Vitabu vingi vya nje huandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Ni la Kimakonde, na ningependa wanafunzi wako wasikie hivyo kutoka kwa mwalimu wao, katika darasa ambalo huenda nusu yao bibi zao hulitamka vizuri kuliko profesa yeyote. Daktari Marion Robinson aliwaeleza wagonjwa na dalili zao, W. H. R. Lumsden akaeleza ugonjwa ulivyoenea, na taarifa zao zilichapishwa 1955. R. W. Ross wa taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, Uganda, alikipata kirusi chenyewe kutokana na damu iliyochukuliwa 1953. Aina aliyoipata bado inatunzwa na kutumika maabara duniani, na huitwa kwa jina la Ross. Mara nyingi nimefikiri kwamba ilitoka katika damu ya mtu wa Newala ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Tangu hapo homa hiyo imesafiri sana. Mwaka 2004 ilizuka Lamu, ikafika Mombasa, 2005 ikavuka hadi Komoro na Réunion, ambako theluthi moja hivi ya watu wa kisiwa waliugua kabla 2006 haijaisha. Kisha India, na tangu 2013 Karibi na Amerika yote. Kila ilikokwenda ilikwenda na jina la kwenu.

Ulichoambiwa na mganga wa zahanati ni kweli, na hapo ndipo masomo yako mawili yanapokutana. Kirusi cha chikungunya kina uzi mmoja wa RNA wenye herufi kama 11,800. Protini zake hazifiki kumi na mbili. Hakihitaji kiini kwa uzazi wake. Hujirudufu chote kwenye saitoplazimu. Angalia basi jambo la ajabu: protini yake moja, iitwayo nsP2, sehemu yake kubwa huonekana imejaa ndani ya kiini. Kitu kisicho na kazi ya uzazi humo kimefuata nini?

Kimefuata kuinyamazisha seli. Seli iliyovamiwa hupiga kelele kwa kuandika ujumbe mpya, RNA zinazotoka langoni kwenda kutengeneza silaha. Mojawapo ni interferoni, protini ya tahadhari iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Ujumbe wote huo huandikwa na mashine moja, RNA polimerasi ya pili. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba nsP2 za baadhi ya virusi vya ukoo huu, chikungunya ikiwemo, huifanya seli yenyewe ikivunjevunje kipande kikuu cha mashine hiyo, kiitwacho RPB1. Ndani ya saa chache mwandishi hayupo. Malango yako wazi, wabebaji wapo, lakini hakuna barua ya kubeba. Kirusi hakiathiriki, kwani barua zake zinaandikwa nje.

Na hakiishii hapo. Interferoni ikifika kwenye seli, huamsha protini iitwayo STAT1. STAT1 hupachikwa fosfeti, hushikana mbili mbili, huchukuliwa na importini, huingia kwenye kiini na kuwasha mamia ya jeni za ulinzi. Ni safari ya lango kama zile tulizozieleza juu. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba nsP2 huisukuma STAT1 itoke tena nje kupitia eksportini iitwayo CRM1, kabla haijamaliza kazi. Mlinzi ameingia ofisini, akageuzwa mlangoni, akatolewa kwa kibali halali. Binamu wa kirusi hiki kutoka Amerika Kusini, kile cha Venezuela kinachoshambulia ubongo wa farasi na watu, ana njia nyingine: protini ya ganda lake huwashika importini na eksportini kwa pamoja, fundo hilo likakaa ndani ya lango na kuliziba. Chikungunya haizibi. Nadhani ndiyo maana inafaa kufundishia kuliko yule binamu: inamlazimu mwanafunzi aelewe trafiki ya kawaida kwanza, ndipo aone hila.

Sasa magoti. Mwalimu, sijamwona bibi yako, na hukumu ya mwisho ni ya daktari atakayemshika goti. Maumivu ya viungo ya chikungunya yanaweza kubaki miezi, na kwa baadhi ya watu miaka kadhaa. Lakini alikuwa na miaka tisa, na leo amepita themanini. Miaka yote hiyo katikati kuna kulima, kubeba, kuokota korosho ameinama, na gegedu la goti huchakaa. Siamini kwamba ni homa ile. Mpeleke hospitali ya wilaya apimwe. Usimnunulie diklofenaki ya dukani kila wiki kwa sababu inamtuliza. Kwa mtu wa umri wake huumiza tumbo na figo. Na usimwambie "bibi, umekosea". Kuhusu magoti huenda amekosea. Kuhusu homa yeye ni shahidi, na mashahidi wa 1952 wamebaki wachache.

Akitokea mtu na homa ya ghafla na viungo vinavyouma huko kwenu, apimwe malaria kwanza, kila mara. Dawa mahususi ya kuua kirusi cha chikungunya haipo. Hutumika paracetamol, maji mengi na kupumzika. Aspirini na diklofenaki zisitumike mpaka denge iondolewe, kwa sababu denge inaweza kutoa damu na dawa hizo huongeza hatari. Ukimsikia mtu anauza dawa ya "kufunga lango la kiini" usimpe hata shilingi. Ni kweli kuna dawa inayozuia eksportini, na Marekani iliipa kibali mwaka 2019 kwa aina moja ya saratani ya damu, lakini hutumika chini ya uangalizi wa daktari, na haihusiani na homa hii.

Kuhusu kipindi chako. Ukishamwomba radhi binti, usianze na mchoro. Watoe nje uwanjani. Wanafunzi kumi na sita wasimame mikono ikigusana na kuachana, hao ndio nyuzi za lango. Wachache wawe wabebaji, wafunge kitambaa mkononi, na sheria iwe moja: nyuzi humpisha mwenye kitambaa na yeyote aliyemshika. Upande wa ndani simamisha wanafunzi wenye kadi za Ran, mwandishi mmoja wa barua, na mmoja aliyekaa juu ya kamba ya DNA akigawa kadi. Upande wa nje awepo wa kuzichana. Waache wacheze mpaka waone wenyewe mizigo inajikusanya upande unaostahili bila mtu kutoa amri. Kisha mpe binti wa dawati la nyuma kazi ya nsP2. Aingie kwa mbebaji kama wengine, amtoe mwandishi kimyakimya, na darasa ligundue kwa nini barua zimekoma. Hiyo nafasi mpe yeye, kwa sababu ndiye aliyeuliza protini kubwa huingiaje.

Halafu waagize kila mmoja mwenye bibi au babu wa umri wa bibi yako akamwulize maji yalivyotunzwa nyumbani. Mbu aliyeeneza homa ile, aina ya Aedes aegypti, huuma mchana na hutaga kwenye maji yaliyotulia karibu na watu, na uwandani maji yalipandishwa kwa shida yakatunzwa siku nyingi ndani ya nyumba. Anza wewe na bibi yako, jioni, magoti yakiwa yametulia. Usimwulize habari za virusi. Mwulize mitungi ilikaa upande gani wa nyumba, maji yalikaa siku ngapi kabla ya kwenda bondeni tena, na walikuwa wanaifunika kwa kitu gani. Andika anavyosema, kwa maneno yake, hata yale ya Kimakonde ambayo utalazimika kumwuliza maana.